Namba za Majedwali na Michoro: Kompyuta na Sarufi ya Kiswahili

Katika makala haya nakusudia kueleza jambo linaloonekana dogo, nalo ni jinsi programu za kuandikia katika kompyuta zinavyoweka namba na vichwa vya majedwali, michoro na picha. Kila atungaye tasnifu kwa Kiswahili hukutana nalo, na mara nyingi huliacha lipite. Hoja yangu ni kwamba katika jambo hili sarufi yetu imesogezwa kando pasipo mtu kuamua isogezwe, na kwamba historia ya programu hizo yenyewe yatuonyesha njia ya kulitengeneza.

Zamani za taipureta namba hizo ziliandikwa kwa mkono wa mwandishi mwenyewe. Akiongeza jedwali moja katikati ya kitabu, ilimpasa kubadili namba zote zilizofuata, kutafuta kila mahali alipozitaja, na kuipiga upya orodha iliyo mwanzoni. Kazi ilikuwa nzito, wala haikukosa makosa. Lakini maneno yalikuwa yake. Akitaka kuandika "Jedwali la 3" aliandika, na mashine haikuwa na shauri.

Mwaka 1977 Donald Knuth, mtaalamu wa hisabati na kompyuta huko Marekani, alianza kuunda TeX, programu ya kupanga chapa. Juu yake Leslie Lamport alijenga LaTeX, aliyoieleza katika kitabu chake cha 1986. Humo mwandishi hulipa kila jedwali jina la siri, naye hulitaja kwa jina hilo popote apendapo. Programu huhesabu majedwali, huandika hesabu katika faili la pembeni, kisha katika mzunguko unaofuata hulisoma faili hilo na kutia namba mahali pake. Orodha nayo hupatikana kwa njia iyo hiyo. Tuliangalie jambo moja hapa: amri ya kutaja jedwali huleta namba peke yake. Neno linalotangulia namba huandikwa na mwandishi.

Programu za kawaida za ofisini zilishika njia nyingine. Word, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1983, hatimaye ilipewa uwezo wa kuweka vichwa hivi. Chini ya namba imefichwa amri iitwayo SEQ, yenye jina la aina ya kielelezo. Kwa jina hilo programu huhesabu, na kwa jina hilo hilo hukusanya orodha. Mwandishi akitaka kukitaja kielelezo ndani ya maandishi, huweza kuchagua kichwa kizima, au jina pamoja na namba, au maneno ya kichwa, au ukurasa kilipo. Namba peke yake haimo katika orodha hiyo. Basi jina na namba zikafungwa pamoja, bila kitu kati yao ila nafasi tupu, kama Kiingereza kipendavyo.

Kwa Mwingereza hapana hasara. Kwa Kiswahili hasara ipo. Katika lugha yetu, tarakimu ikifuata nomino bila kiunganishi huhesabu idadi: "watu 3", "michoro 3". Kuonyesha nafasi katika mfululizo twahitaji -a ya uhusiano, inayofuata ngeli: sura ya 3, ukurasa wa 3, mlango wa 3. Hapana asemaye "ukurasa 3" akiwa na maana ya ukurasa mmoja tu. Kwa kanuni hiyo hiyo twapata jedwali la 3, mchoro wa 3, kielelezo cha 3, picha ya 3. Msomaji akiona "tazama michoro 3 na 4", aelewe michoro miwili au saba? Wengine hukimbilia "Jedwali Na. 3", na njia hiyo haina utata, ila ni lugha ya jalada la ofisi, si ya usemi.

Labda mtu atasema kwamba dawa ni rahisi: mwandishi aunde jina jipya, "Jedwali la", na programu italikubali. Ni kweli, nami nawashauri wanafunzi wafanye hivyo. Lakini dawa hiyo hukoma penye wingi. Tukitaka kusema "majedwali ya 3 na 4", au "jedwali la 3 na la 4", twahitaji namba tupu, nayo katika Word haitolewi. Mwandishi huipiga kwa mkono, na siku jedwali lingine litakapoongezwa, namba hiyo itabaki ilivyo na kumpotosha msomaji. Twarudi kwenye taabu ya taipureta.

Je, mashine haiwezi kufundishwa? Tazama Kihungari. Lugha hiyo hutanguliza namba, "1. ábra", yaani mchoro wa 1, tena kibainishi chake huwa "a" au "az" kwa kufuata sauti inayoanza neno linalofuata, hata neno hilo likiwa namba. LibreOffice, iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010, huruhusu namba itangulie jina, hutoa namba peke yake, na kwa Kihungari huchagua kibainishi kinachopatana na namba. Kuchagua kati ya la, wa, cha na ya si kazi ngumu kuliko hiyo, kwa kuwa ngeli ya jina haibadiliki namba inapobadilika.

Nasi hatuanzi mikono mitupu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba programu yaweza kusema Kiswahili katika menyu zake. Menyu ni msamiati. Lililobaki ni sarufi. Yafaa wanaisimu waandike kanuni tatu na kuwapa waundaji wa programu: kila jina la kielelezo liwe na umoja, wingi na ngeli yake, kiunganishi kitokane na ngeli hiyo, na namba iweze kutajwa peke yake. Tusipoziandika sisi, wanafunzi wetu wataendelea kuandika kama mashine inavyowaelekeza, na baada ya kizazi kimoja "jedwali 3" itaitwa Kiswahili sanifu.