Ruziba (Bujumbura)

Ruziba ni kitongoji cha makazi kusini mwa Bujumbura, nchini Burundi, upande wa Kanyosha. Kinapitiwa na Barabara ya Taifa Namba 3, inayofuata ufuko wa Ziwa Tanganyika kuelekea Rumonge na Nyanza-Lac. Mgeni anayetoka katikati ya jiji huona nyumba zikipungua na michikichi ikiongezeka.

Ziwa ndilo jambo kuu la kitongoji hiki. Katika mwambao huu wavuvi hutoka usiku wa giza, taa zikiwa juu ya mitumbwi, kwa kuwa mwanga huwavuta ndagala (dagaa) na mikeke (migebuka). Mbalamwezi ikiwaka, mavuno hupungua. Anayefika alfajiri ndiye anayeliona ziwa vizuri zaidi, milima ya Kongo ikijitokeza ng'ambo.

Mbele zaidi kusini, huko Mugere, lipo jiwe la kumbukumbu ya wapelelezi Livingstone na Stanley, waliolala hapo Novemba 1871. Wageni wengi hulikimbilia jiwe hilo bila kusimama Ruziba, jambo la kusikitisha.

Kirundi ndiyo lugha ya nyumbani. Kiswahili husikika zaidi sokoni.