Kitongindet: bingwa wa chuma kabla ya chai

Kabla mashamba ya chai hayajatanda kwenye vilima vya Kericho na Bomet, nchini Kenya, miaka ya 1920, Mkipsigis aliyehitaji mkuki, upanga, shoka au jembe alikwenda kwa kitongindet, mhunzi wake. Usalama wa ng'ombe na chakula cha boma zima vilitegemea mikono ya fundi huyo. Anastahili kutajwa kwa heshima ileile wanayopewa mafundi wakuu wa chuma kwingineko.

Japani inamkumbuka Masamune, aliyefua panga katika mji wa Kamakura mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14. Wanafunzi wake waliuendeleza mtindo wa ufuaji uitwao Soshu, na baadhi ya panga zake leo ni hazina za taifa. Kwetu majina ya mabingwa hayakuchorwa kwenye chuma, lakini shule ilikuwepo, nayo ilikuwa ukoo. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta: mtoto alianzia kwenye mivukuto ya ngozi, akajifunza kuutambua moto kwa rangi yake, ndipo akakabidhiwa nyundo.

Ujuzi huo ulivuka mipaka ya makabila. Mwaka 1909 ofisa wa kikoloni Alfred Hollis aliandika kwamba wahunzi wengi wa Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, walitokana na Wamaasai wa Uasin Gishu waliopata hifadhi kwa Wanandi baada ya jamii yao kusambaratishwa vitani. Waliopoteza nchi yao walikuja na ufundi wao, na wenyeji wakawapa kazi.

Chuma nacho kilisafiri. Wasamia wa kando ya Ziwa Victoria walikuwa mashuhuri kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kuuza majembe. Misafara ya pwani ilipoleta nyaya nene za chuma, wahunzi wa bara walizipasha moto na kuzifua upya kuwa silaha. Reli ilipopita kuelekea Kisumu, iliyofikiwa mwaka 1901, Wanandi walichukua nyaya za simu na hata misumari mikubwa ya njia hiyo, wakavifanya mapambo na silaha.

Utazame kwa makini mkuki mrefu wa murenik, vijana wapiganaji. Bapa lake ni jembamba, lina mgongo ulioinuka katikati kutoka ncha hadi shina, ili lisipinde likigonga mfupa. Chini kuna mkia mrefu wa chuma, na kati ya viwili hivyo mpini mfupi wa mti. Mkia ndio unaosawazisha uzito, hivyo mkuki hutulia mkononi. Mgongo ule hunyooshwa kwa nyundo na jicho tu, na pigo moja lililokosewa hulipinda bapa zima.

Mwaka 1905 bunduki za Waingereza ziliishinda mikuki ya Wakipsigis huko Sotik. Kisha yakaja majembe na mapanga ya viwandani, na wateja wa kitongindet wakapungua. Hata hivyo, mafundi wa jua kali wanaogeuza springi za magari kuwa visu wanaifanya kazi ileile. Kaunti za Kericho na Bomet zina wajibu wa kukusanya zana za kale, kuwarekodi wazee wanaojua uhunzi na kuufundisha katika vyuo vya ufundi. Chai imeleta fedha na jina, lakini ilikuta hapa watu waliokwisha kuwa mabingwa.