Dawa za Miti na Kisukari katika Historia ya Ufipa

Nyanda za juu za Ufipa zimeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Jina la Sumbawanga, mji wake mkuu, hufasiriwa kwa Kifipa kuwa "tupa uchawi". Palepale ambapo dawa ya kudhuru ilikatazwa, ya kuponya iliheshimiwa: sing'anga, yaani mganga, alitibu kwa mizizi, magome na majani. Hata wayeyushaji chuma walitia dawa ndani ya malungu, matanuru yao marefu ya udongo, ili kazi ifanikiwe.

Tatizo lilikuwa kutenganisha dawa hizo mbili, ya kudhuru na ya kuponya. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilijaribu kwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928. Mwaka 1963 na 1964 wasaka wachawi wa Kamcape walipita vijijini wakidai watu watoe dawa zao hadharani. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekuwa akiishi Ufipa miaka hiyo, aliandika habari zao.

Kisukari kilileta swali jingine, la kipimo. Kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda huonekana kwa macho; kiwango cha sukari katika damu hakionekani. Mgonjwa huweza kujisikia nafuu huku sukari ikiwa bado juu.

Swali la namna hiyo huhitaji utafiti. Mwaka 1974 kitengo cha utafiti wa tiba asili kiliundwa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 1991 kikawa taasisi. Mfano wa safari ya mmea hadi kidonge unatoka Ulaya. Mmea wa Galega officinalis una galegini, inayoshusha sukari lakini ina sumu. Metformini, kemikali ya jamii hiyo, iliundwa maabarani mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwayo.

Karela, mlonge na mbegu za zambarau zimeshusha sukari katika majaribio ya wanyama, lakini ushahidi kwa binadamu bado ni mdogo. Hakuna hata mmea mmoja kati ya hiyo unaochukua nafasi ya insulini, na ukichanganywa na vidonge vya kisukari unaweza kushusha sukari kupita kiasi. Kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, waganga wa Tanzania, wakiwemo wa Ufipa, husajiliwa na baraza maalumu.