Ukungu, Chai na Posho: Historia ya Kitale na Bungoma katika Maneno ya Kazi

Utangulizi

Mgeni apandaye kutoka Eldoret kwenda Kitale alfajiri hulakiwa na ukungu kabla hajalakiwa na mji. Upande wake wa kulia imejipanga milima ya Cherangani. Upande wa kushoto, ukungu ukipungua, hujitokeza Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, wenye kimo cha mita 4,321. Mji wenyewe umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, na baridi ya asubuhi humfanya mgeni atafute kikombe cha chai kabla ya jambo jingine lolote. Jua likitoka huona mahindi na malisho, na akiendelea hadi Kapsara, chini ya Cherangani, huona mashamba ya chai na kiwanda chake. Wengi waliopita huko wamesifu uzuri na utulivu wa nchi hiyo, kisha wakaenda zao.

Uzuri huo haukanushiki. Lakini mandhari hayo hayakuwako tangu kale. Yaliumbwa na kazi, na kazi hiyo ilikuwa na lugha yake. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba maneno machache ya Kiswahili yatumikayo Kitale na Bungoma, kama vile posho, mnyapara, kipande, skwota na chai, ni ushahidi wa historia ambao haupatikani kwa ukamilifu katika majalada ya serikali. Aidha, yataonyesha kwamba si sahihi kukihesabu Kiswahili cha Kenya Magharibi kuwa ni mabaki tu ya lugha ya pwani yaliyoharibika njiani.

Lugha ya Msafara

Kiswahili kilifika katika nchi hiyo kabla ya serikali ya Kiingereza. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa ikifika katika himaya ya Wanga, mahali ambapo baadaye paliitwa Mumias, kutafuta pembe na watumwa. Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883, na kutoka huko akaenda hadi kwenye mapango ya Mlima Elgon, hakuwa akifungua njia mpya. Alikuwa akifuata njia ambayo wapagazi na viongozi wa misafara walikuwa wakiijua tayari.

Msafara ulikuwa jamii yenye sheria zake. Kiongozi wa kundi la wapagazi aliitwa mnyampara, neno lenye asili ya Kinyamwezi ambalo Waswahili walilichukua katika safari za bara. Chakula alichopimiwa mpagazi, au kitambaa alichopewa akanunulie chakula hicho, kiliitwa posho. Maneno hayo mawili yalieleza uhusiano ulio wazi: mmoja anaamuru, mwingine anabeba, na abebaye hupimiwa cha kula. Yafaa uhusiano huo ukumbukwe, kwa sababu msafara ulipokoma maneno hayo hayakukoma. Yalipata bwana mwingine.

Bwana huyo alijitokeza mwaka 1895. Katika mwaka huo C. W. Hobley, aliyekuwa na makao Mumias, aliongoza vita dhidi ya Wabukusu kufuatia mzozo juu ya bunduki. Wabukusu walipigana kutoka ndani ya ngome zao za udongo, kwanza Lumboka, karibu na mahali ulipo mji wa Bungoma leo, kisha Chetambe, juu ya Webuye. Waliposhindwa, ng'ombe wao walitwaliwa na watu wengi walikuwa wameuawa. Chetambe ni jina ambalo hata leo hutajwa kwa uzito katika nchi ya Bungoma, na mlima wenye jina hilo unaonekana kutoka barabara kuu.

Ng'ambo ya Nzoia

Majina ya mahali nayo ni ushahidi. Wilaya ambayo Kitale ni mji wake mkuu iliitwa Trans Nzoia, na jina hilo limebaki kuwa jina la kaunti. Maana yake ni ng'ambo ya Nzoia. Lakini ni ng'ambo kwa nani? Mto Nzoia hutoka Cherangani, hupita kusini mwa nchi hiyo, ukaenda Webuye na Mumias hadi Ziwa Viktoria. Mbukusu wa Kimilili akitaka kwenda Kitale havuki Nzoia hata kidogo, kwa kuwa Kimilili na Kitale ziko upande mmoja wa mto. Avukaye Nzoia ni yule atokaye Eldoret. Hivyo jina lenyewe linaeleza mahali aliposimama mtu aliyelitoa: alikuwa mlowezi aliyekuja kutoka kusini-mashariki, akaitazama ng'ambo kama nchi isiyokuwa na mwenyewe. Wasengwer, Wapokot, Wasabaot na wengineo walioijua nchi hiyo kwa majina mengine hawakuulizwa. Daraja la kuvukia nalo liliitwa kwa jina la mlowezi, Hoey. Baada ya Uhuru likaitwa kwa jina la Moi, na mji ulio kando yake ukafuata jina la daraja.

Ulowezi ulistawi zaidi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pale serikali ilipowagawia ardhi askari wa Kiingereza kwa mpango ulioanza mwaka 1919. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na katika miaka hiyohiyo ya 1920 njia kuu ya kwenda Uganda ilipitishwa Bungoma. Ardhi ilikuwa nyingi na mikono ilikuwa michache. Ndipo sheria ikatumiwa kuitafuta mikono hiyo.

Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume mzima alitakiwa kuwa na cheti chenye jina lake, alama za vidole, majina ya waliomwajiri na siku alizoanza na kuacha kazi. Cheti hicho kilitiwa katika kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Watu walikiita kipande. Neno hilo halikuwa geni, kwani katika mashamba ya pwani lilikwisha kutumika kwa kazi ya kupimiwa na kadi yake. Lakini kwa mtu wa Bungoma aliyetoka kwenda Kitale kutafuta kodi ya kichwa, kipande kilikuwa ndicho kilichoamua kama angeweza kuondoka kwa mwajiri asiyemtaka. Wakenya wengi hadi leo hukiita kitambulisho cha taifa kwa jina hilohilo, bila kukumbuka kijaluba.

Pamoja na kipande lilikuja neno skwota. Kwa sheria ya mwaka 1918, Mwafrika aliyeishi katika shamba la mlowezi alitakiwa kumfanyia kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka, ili aruhusiwe kulima na kulisha mifugo yake hapo. Wabukusu wengi waliishi hivyo katika Trans Nzoia. Maana ya asili ya neno hilo katika Kiingereza ni mtu akaaye mahali bila haki. Kwa kumwita mkulima skwota, sheria ilikuwa imekwisha kuhukumu kesi ya ardhi kabla haijasikilizwa.

Katika mashamba hayo mnyampara wa msafara alirudi akiitwa mnyapara, au nyapara tu, akisimamia safu ya walimaji badala ya safu ya wapagazi. Posho nayo ilirudi, sasa ikiwa unga wa mahindi uliopimwa kwa kibaba. Kwa kuwa unga huo ndio uliokuwa chakula cha kila siku, neno lilihama kutoka kipimo likaenda kwenye kitu kipimwacho. Ndiyo sababu kinu cha kusagia mahindi huitwa mashine ya posho kote nchini humo, na katika Uganda posho ni ugali wenyewe. Mahindi ya Kitale yalipata sifa zaidi mwaka 1964, pale kituo cha utafiti cha mji huo kilipotoa mbegu chotara ya kwanza kwa wakulima wa nyanda za juu. Mbegu ilikuwa mpya, lakini jina la chakula lilikuwa lile la msafara.

Habari ya Chai

Chai ina njia tofauti kidogo. Katika Kenya ilipandwa kwanza Limuru mwaka 1903, na miaka ya 1920 kampuni kubwa za Kiingereza zikaanzisha mashamba Kericho. Kitale haukuwa mji wa chai kwa maana hiyo. Ulikuwa mji wa mahindi. Hata hivyo watu wa Kenya Magharibi walihusika na chai tangu mapema, kwa kuwa Waluhya, Waluo na Abagusii walikwenda Kericho kuichuma. Kwa muda mrefu Mwafrika aliruhusiwa kuchuma chai ya mwingine bila kuruhusiwa kupanda yake. Mlango huo ulianza kufunguliwa katika miaka ya 1950. Halmashauri ya Ustawishaji wa Chai ya wakulima wadogo iliundwa mwaka 1964, na mashamba ya Kapsara ni matunda ya njia hiyo: chai ya wakulima wadogo, si ya kampuni.

Neno lenyewe lilitoka China, likapita Uajemi na Bara Hindi. Namna ya kupika chai kwa kuchemsha majani, maziwa na sukari pamoja yafanana na ile ya Wahindi, ambao maduka yao yalienea kando ya reli. Kinywaji hicho kilipokuwa cha kila nyumba, neno likapata maana nyingine: katika Kenya, kuomba chai kwa mwenye shida mbele ya meza ya ofisi ni kuomba hongo. Maana hiyo nayo ni sehemu ya historia. Yaonyesha kwamba chai ilikwisha kuwa kitu kidogo cha lazima, ambacho mtu hawezi kukinyima bila kuonekana mchoyo. Na ndiyo sababu ikafaa kuificha rushwa.

Jina la Dini ya Msambwa

Mpaka hapa Kiswahili kinaonekana kama lugha ya wakubwa. Walowezi wenyewe walikuwa na namna yao ya kukisema, Kisetla, ambayo ilikuwa zaidi lugha ya amri. Lakini kuna ushahidi wa kinyume, nao ni wenye nguvu.

Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde wa Kimilili, aliyewahi kuwa mchezaji mashuhuri wa kandanda, aliongoza harakati zilizotaka watu warudie ibada za wahenga na Wazungu waondoke. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wake Malakisi, na watu 11 wakafa. Mwaka huohuo harakati hizo zilipigwa marufuku, na Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu.

Harakati hizo ziliitwa Dini ya Msambwa. Katika Kibukusu mzimu wa wahenga ni kumusambwa. Wingi wake ni kimisambwa. Katika jina la harakati, kiambishi kumu- kimeachwa na nafasi yake imeshikwa na m- ya Kiswahili. Neno dini limetoka katika Kiarabu kwa njia ya Kiswahili, na kiunganishi ya ni cha Kiswahili vilevile. Watu waliopinga kila kilicholetwa na wageni hawakuona kwamba Kiswahili ni kimojawapo. Jina la kutambikia wahenga walilijenga kwa sarufi yake. Hii ina maana kwamba, katika muda usiozidi karne moja tangu misafara, lugha ya mnyampara ilikuwa imekuwa lugha ya kumkataa mnyapara.

Hitimisho

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Faida ya kazi hiyo ni dhahiri. Walakini, wakati usanifishaji ulipokuwa ukiendelea, Kiswahili kingine kilikuwa kikikua mashambani Trans Nzoia, na maana zake zilihesabiwa kuwa makosa badala ya kuandikwa kama habari.

Ushahidi wa maneno una mipaka yake. Neno haliwezi kutaja tarehe, wala halimtaji aliyepigwa au aliyefukuzwa. Kazi hiyo ni ya majalada na ya simulizi. Lakini majalada yaliandikwa na walioajiri, na wasimuliaji waliovaa kipande shingoni sasa ni wachache sana. Mjini Kitale kuna makumbusho yaliyoanza na mkusanyo wa Stoneham mwaka 1926, wenye vipepeo na vitu vya kale. Vipepeo vilikusanywa mapema, vikaandikiwa majina yao na mahali viliponaswa. Maana za posho, mnyapara, kipande na skwota, kama zilivyojulikana katika mashamba yaliyouzunguka mji huo, zinastahili uangalifu usiopungua huo. Kazi hiyo ni ya idara za lugha, na yafaa ianzwe Kitale, Kimilili na Malakisi wakati wazee wangaliko.