Nani ataiandika mantiki kwa Kiswahili?

Leo naweka programu kando kidogo tuongee historia.

Sisi tunaoandika programu tunakula kwa mantiki. NA, AU, SI, IKIWA: hayo ndiyo majembe yetu. George Boole, Mwingereza, aliyageuza kuwa hesabu katika kitabu chake cha mwaka 1854. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon akaonyesha kwamba swichi za umeme zinaweza kuifuata hesabu hiyo hiyo. Kompyuta unayoisomea haya imetoka humo. Lakini mwanafunzi wa hapa Kenya anafundishwa yote hayo kwa Kiingereza. Akitaka kuyasoma kwa Kiswahili, hana pa kwenda pengi zaidi ya Wikipedia.

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001, ikiasisiwa na Jimmy Wales na Larry Sanger. Sanger alisomea falsafa, kwa hiyo mantiki haikuwa ngeni kwake. Mradi wao wa awali, Nupedia, ulitaka kila makala ikaguliwe na mabingwa, ukazaa makala chache mno. Wikipedia ikampa kalamu yeyote anayetaka. Upande wa Kiingereza, wapenzi wa mantiki waliunda kikundi chao humo ndani: wakaorodhesha makala za somo lao, wakazipanga kwa ubora na umuhimu, wakabishana juu ya maana ya neno moja moja. Hakuna aliyelipwa.

Yetu ya Kiswahili, kamusi elezo huru, ilizaliwa mwaka 2003. Mwanablogu Mtanzania Ndesanjo Macha alikuwa mmoja wa waliochangia mapema. Mwishoni mwa 2009, mwaka ule ule nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, Google iliandaa shindano la kuandika makala kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, zikiwemo zawadi za kompyuta. Makala ziliongezeka, lakini mwaka 2010 mmoja wa wahariri wakongwe alilalamika hadharani kwamba washindani walifuata zawadi tu. Sishangai.

Ukizunguka humo utakuta miji, mito na wanasoka kwa wingi. Makala changa huitwa mbegu, jina zuri kweli. Muhoroni ni rahisi kuiandika: mji wa Kaunti ya Kisumu, kiwanda cha sukari, reli iendayo Kisumu, basi. Mantiki haiandikiki hivyo, maana kwanza lazima mkubaliane maneno.

Neno lenyewe tunalo, tumelipata kwa Kiarabu, na wanazuoni wa Kiislamu wameisoma elimu hiyo karne nyingi. Taabu inaanza ukiingia ndani. Chukua AU. Ukiulizwa "chai au kahawa?" unachagua moja. AU ya kompyuta inakubali hata vyote viwili, na makala isipolisema hilo mapema msomaji anapotea.

Au chukua hoja hii. Ikiwa kiwanda kinafanya kazi, moshi unaonekana. Moshi unaonekana. Kwa hiyo kiwanda kinafanya kazi. Mtu wa Muhoroni atacheka, kwa sababu anajua kuna watu huchoma mashamba ya miwa kabla ya kuvuna, na moshi wake unaonekana mbali. Hata siku ambayo kiwanda kweli kinafanya kazi, hoja hiyo bado ni mbovu: hitimisho ni kweli, lakini halikutokana na yaliyotangulia. Sasa, hoja ambayo hitimisho lake linatokana kweli na yaliyotangulia tuiiteje? "Sahihi" inachanganywa na kweli. "Halali" inanukia bucha na mahakama. Mwingine ataandika hivi, mwingine vile, na makala mbili za somo moja zitakuwa hazisikilizani. Mabingwa wa vyuo wanaweza kusaidia, ila wakati wanasubiriwa, anayeandika makala leo ndiye anayeamua, na siku hizi hata programu za lugha zinajifunza Kiswahili kutoka humo humo.

Mimi napendelea "hoja fungamani", ila kura yangu ni moja. Fungua makala ya Mantiki, ingia ukurasa wake wa majadiliano, uweke neno lako na sababu yake. Ukikosa mfano, chukua huo wa moshi wa miwa.