Toleo Lipi?

Kwenye skrini, pembeni mwa mchoro wa pampu, pameandikwa A.3. Muulize mhandisi anayetumia Windchill, programu ya kutunza michoro na kumbukumbu za bidhaa, hiyo A ni nini. Kwa Kiswahili atakujibu: toleo. Na hiyo 3? Toleo pia. Na Windchill yenyewe iliyosasishwa juzi? Toleo jipya. Neno moja limetwishwa mizigo mitatu.

Toleo limetokana na kutoa. Gazeti likifika mtaani limetoka. Mchoro ukifika kiwandani umetoka. Mchoro ambao bado unafutwa na kuchorwa upya haujatoka popote, basi kwa nini uitwe toleo? Kwa ile tarakimu napendekeza rasimu. Watanzania tuliizoea mwaka 2013, Tume ya Mabadiliko ya Katiba ilipotoa rasimu ya kwanza, kisha ya pili, na hatukuchanganya rasimu na katiba. Tena mzizi wake wa Kiarabu, r-s-m, ni wa kuchora! Neno lililotumikia sheria na siasa miaka yote hii linarudi kwao, mchoroni. A.3 ni rasimu ya tatu kuelekea Toleo A. Siku mchoro utakapoidhinishwa, hapo utakuwa toleo.

Haya si mapambo. Ndege ya Airbus A380 ina nyaya zenye urefu wa kilomita 530 hivi. Wahandisi wa Hamburg walikuwa wakitumia CATIA toleo la 4, wenzao wa Toulouse toleo la 5, na programu hizo hazikuelewana. Vipande vya ndege vilipofika Toulouse kuunganishwa, nyaya zilikuwa fupi. Ratiba ilivurugika mwaka 2006, na mteja wa kwanza akakabidhiwa ndege yake Oktoba 2007. Penye kazi ya namna hiyo, swali la "toleo lipi?" linadai jibu lisilo na utata.

Ndani ya Windchill kuna kitufe cha kuchukua mchoro ili uuhariri, na kingine cha kuurejesha. Ukitafsiri Kiingereza chake, check out na check in, neno kwa neno, utapata "toka" na "ingia", maneno ambayo tayari yana kazi kwenye akaunti. Sisi tuna azima. Jirani akikopa shilingi elfu kumi, atalipa noti nyingine. Akiazima jembe, atarudisha jembe lilelile, na likiwa kwake wewe hulimi. Mchoro nao ni hivyohivyo: aliyeuchukua anao, wengine wanautazama tu, alama imewekwa kando yake. "Umeazimwa" na "Rudisha" vinatosha. Ushauri unaorudiwa kwa kila mtumiaji mpya, kwamba asiondoke ofisini na michoro mikononi, unakuwa adabu aliyofunzwa tangu utotoni: kitu cha kuazima hakilali kwako.

Ule "mzunguko wa maisha ya bidhaa" nao unanikera. Yai huwa kiluwiluwi, kiluwiluwi chura, na chura akataga yai. Huo ni mzunguko. Pampu ikichakaa hairudi kuwa mchoro. Umri wa bidhaa, basi.

Na "rafiki kwa mtumiaji"? Tuseme programu ni nyepesi kutumia, yatosha.

Jina "orodha ya vifaa", kwa vipande vinavyounda bidhaa, linanipa shaka zaidi, kwa sababu orodha ni ya sokoni: nyanya, vitunguu, mafuta, kila kimoja kwenye mstari wake. Ndani ya programu hizi pampu hufunguka ikawa mota na kasha. Mota hufunguka ikawa shafti na beringi. Kasha hufunguka hadi kwenye bolti na nati zake. Ni kazi ya fundi aliyeshusha injini na kupanga vipande juu ya gunia, kila kimoja karibu na kilipotoka. Huo ni mchanganuo. Changanya, changanua: kiambishi -ua kinarudisha nyuma kilichofanyika, kama katika kunja na kunjua, funga na fungua.

Kiambishi hicho ndicho kilichotupa tendua, neno ambalo ningependa kumpa mkono aliyelibuni. Umetenda, sasa unatendua. Hata asiyewahi kulisikia atalielewa. Lakini tendua ni ya mtu na kosa lake mwenyewe, la dakika hii. Toleo lililokwisha kuidhinishwa haliondolewi hivyo. Linahitaji mwenye mamlaka, na kwake tuna tengua, kama uteuzi unavyotenguliwa. Yanatofautiana kwa herufi moja, na jicho lililochoka saa kumi na moja jioni linaweza kuyachanganya. Kwa hiyo kitufe cha kuondoa idhini kisiachwe na neno moja. Kiandikwe: Tengua idhini.