Bunduki iliyogoma kulenga karibu

Wadau, juzi nilikuwa Mpwapwa, nikakaa na mzee mmoja mwindaji mwenye bunduki ya leseni. Kilio chake ni darubini ya kulengea. Anazungusha kile kirungu cha juu mpaka kinagota, kinakataa kwenda mbele, na risasi bado zinapiga juu ya alama. Yeye anasema darubini mbovu. Kijana wake akauliza swali la maana: "Baba, hizi ni risasi zile zile za mwaka jana?" Kumbe siyo!

Nikakumbuka boma la Wajerumani. Mpwapwa ilikuwa njia kuu ya misafara, na mwaka 1889 watu wa Bushiri waliishambulia ngome ya kampuni ya Kijerumani iliyokuwa pale. Baadaye mwaka huo huo Wissmann alipanda kutoka pwani, akajenga boma jipya. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba.

Askari wa Kijerumani walikuja kushika bunduki ya modeli ya 1871: risasi moja moja, mtutu wa milimita 11, baruti nyeusi. Ukifyatua, wingu la moshi linapanda pale ulipojificha, adui anakuona hata kama hujakosea shabaha. Vita vilipoanza Agosti 1914, jeshi la kikoloni lilikuwa na kampuni 14 na askari weusi karibu 2,500, na kampuni nyingi bado zilikuwa na bunduki hizo za moshi. (Hebu fikiria, umepewa bunduki inayomwambia adui ulipo!)

Nyingine zilikuwa na Mauser ya 1898, isiyo na moshi. Hapa ndipo kisa cha mzee kinaporudi. Bunduki hiyo ilitengenezewa risasi yenye kichwa cha mviringo, na kilengeo chake kilianzia mita 200. Mwaka 1903 Wajerumani wakaleta risasi yenye ncha kali, nyepesi na ya kasi zaidi. Kilengeo kikabidi kibadilishwe, na kipya kilianzia mita 400. Huwezi kukishusha zaidi ya hapo, kimegota. Ukimlenga mtu aliye hatua mia moja, risasi inapita juu ya pale ulipolenga. Dawa ilikuwa moja tu: lenga chini.

Ulaya wakubwa walifikiria mistari ya askari kwenye viwanja vya wazi. Sasa njoo kwenye vichaka vya miiba vya Ugogo uniambie ni wapi unamwona mtu mita 400! Kwa maoni yangu wale waliochora kile kilengeo hawakuwahi kukiwazia kichaka.

Mambo yakazidi kuchanganyika. Tanga, Novemba 1914, Waingereza walishindwa na kuacha bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Jeshi moja sasa lina bunduki za aina tatu, risasi za aina tatu, vilengeo vya aina tatu. Askari akibadilishiwa bunduki, mazoea ya jicho lake hayamsaidii tena. Halafu Aprili 1915 meli ya Rubens ikaleta silaha na risasi, ikapigwa na Waingereza kwenye ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga. Shehena ikaopolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Zikafunguliwa, zikakaushwa, na bado nyingine ziligoma kulipuka. Hapo hata ungekuwa na jicho la mwewe, tatizo haliko kwenye kilengeo.

Julai 1916 jeshi la Afrika Kusini chini ya van Deventer likaingia Dodoma, na Agosti likaichukua Mpwapwa.

Mzee tulimshauri atafute kwanza risasi zile za zamani, kisha akaze skrubu za vishikizo na kuangalia kama darubini imekaa sambamba na mtutu, kabla ya kutupa pesa kwenye darubini mpya. Akaguna. Jirani yake, mwenye gobore la kufukuzia ngedere shambani, alicheka sana. Lake halina kilengeo kabisa.